Samaki, mboga na sanduku la kina mama wa Msuka

SEHEMU YA KWANZA

 Niliahidi posti ya kuwaachisha watoto ziwa, najua, mnisamehe. Itakuja inshallah. Lakini tokea niliposema mwezi uliopita kwamba kikundi chetu cha hisa hapa Msuka kinataka kuanza biashara ya samaki na mboga kwa pamoja, simu yangu haina raha. Kila mtu anauliza "dada nesi, inalipa?" Basi nitaeleza yote, tangu mwanzo, kwa vipande, maana naandika nikitoka zamu na macho yenyewe mekundu.

Jambo lilianza usiku. Niko wodini, mama mmoja uchungu umemkolea, simu inatetemeka mfukoni. Nilipopata nafasi ya kuiangalia ikawa ni sauti ya mama mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wetu: "Mwanangu, tumepata biashara. Mwaka huu sanduku halivunjwi. Wewe utatuandikia mpango, si umesoma."

Kikundi chetu kina wanawake 22. Wengi ni wakulima wa mwani, wawili wanauza maandazi, mmoja ni fundi cherehani, na mimi muuguzi. Tunaweka hisa kila Ijumaa, tunakopeshana, na kila mwaka mwezi wa Shaaban tunavunja sanduku ili kila mtu aingie Ramadhani na chochote. Mwaka huo sanduku lilikuwa na shilingi 6,400,000. Humo humo kuna mfuko mdogo tunauita mfuko wa jamii, kila mtu anatia mia tano kila wiki. Huo si wa biashara. Huo ndio uliolipa gari usiku wa mvua, mwenzetu alipoanza kutoka damu ana mimba ya miezi minane. Alifika. Mtoto sasa anatambaa. Naomba mkumbuke huo mfuko, maana ndio ulionifanya nisilale.

Biashara yenyewe inaitwa akwaponiki. Aliileta mpwa wa mwenzetu mmoja aliyekuwa bara, na nyuma yake akaja kijana muuzaji wa vifaa, mstaarabu sana, ana vidio nzuri. Matangi mawili ya lita 1,000, mabomba meupe yenye matundu 160 ya kupandia, pampu, vifaranga 300 vya perege, yote shilingi 5,800,000. Akasema kila mwezi mtaingiza milioni moja na laki mbili. Kina mama wakapiga makofi. Na mimi siwalaumu. Anayesimama kwenye maji ya chumvi mpaka kiunoni kufunga mwani, halafu mwani unaoza kwa joto la maji, halafu bei anapangiwa na mnunuzi, huyo akiambiwa mboga zinaota nyumbani bila jembe atakosaje kupiga makofi?

Niliomba nipewe muda mpaka Shaaban. Ilikuwa imebaki miezi miwili na siku chache. Mama mdogo akanuna, lakini akanipa.

SEHEMU YA PILI

Kwanza mfahamu inavyofanya kazi, kwa sababu mtu asiyejua mwili hawezi kujua maradhi.

Samaki anakula, anatoa uchafu. Uchafu wake, hasa unaotokea kwenye mashavu yake anapopumua, ni amonia. Amonia ni sumu. Kwenye bahari inapotea kwa sababu bahari ni kubwa, lakini ndani ya tangi haina pa kwenda. Sasa kuna bakteria wa aina fulani, hawaonekani kwa macho, wanakaa kwenye kokoto na kwenye kuta za mabomba. Wa kwanza wanaigeuza amonia kuwa nitriti. Wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Na nitrati ndiyo mbolea yenyewe ambayo mboga inaitaka. Pampu inapandisha maji kwa mboga, mboga inachukua chakula chake, maji yanarudi kwa samaki yakiwa masafi. Hakuna udongo, na maji yanayotumika ni kidogo sana kulinganisha na kumwagilia tuta. Kwa huku kwetu Micheweni, ambako sehemu nyingi ukipiga jembe unapiga jiwe, wazo lenyewe si baya hata kidogo. Nalisema hili mapema ili nisionekane nilikwenda na shingo upande.

Nikaamua kujaribu nyumbani. Pipa la lita 200, beseni kubwa lenye kokoto juu yake, pampu ndogo, perege kumi kutoka kwa jamaa mwenye bwawa. Yule kijana aliniambia weka maji leo, samaki kesho kutwa. Nikafanya hivyo. Siku za mwanzo raha tupu, watoto wa jirani wanakuja kuangalia, mume wangu kajipa cheo cha bwana samaki.

Siku ya kumi na sita nikaamka nikakuta wanne wameelea. Nikamfungua mmoja mashavu. Mama zangu, mashavu ya samaki mzima ni mekundu, kila mmoja wenu anajua, ndivyo mnavyochagua samaki sokoni. Haya yalikuwa rangi ya kahawa.

Hapo ndipo uuguzi ulipokuja juu. Nitriti ikiingia kwenye damu inaishika ile chembe inayobeba oksijeni na kuiharibu kazi yake. Damu ipo, oksijeni imo majini, lakini damu haiwezi kuibeba. Samaki anakosa hewa ndani ya maji yenye hewa. Na si samaki peke yake. Mwaka 1945 daktari mmoja wa Iowa, Marekani, jina lake Comly, aliandika kuhusu vichanga waliokuwa wakigeuka rangi ya bluu kwa sababu ya maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji ya kisima yenye nitrati nyingi. Tumbo la kichanga linaigeuza nitrati kuwa nitriti, na damu yake ni laini zaidi kwa madhara hayo kuliko yetu sisi. (Na wewe unayempa mtoto wa miezi miwili maji ya kisima "kwa sababu ya joto", nimeshasema na narudia: miezi sita ya mwanzo ni ziwa tu.)

Kosa lilikuwa langu. Wale bakteria huhitaji wiki nne mpaka sita kujijenga kabla hujaweka samaki wengi na kuwalisha kwa nguvu. Unaanza na amonia kidogo kidogo, unapima, unasubiri nitriti ipande kisha ishuke. Ukiruka hatua hiyo unaua. Waliobaki niliwaokoa kwa kuwabadilisha nusu ya maji, maji yaliyokaa wazi siku mbili ili dawa ya klorini iondoke, na kuwatilia chumvi kidogo, kama gramu moja kwa kila lita, kwa sababu chumvi huizuia nitriti isiingie kwa wingi kwenye damu ya samaki. Vipimo vya matone niliagiza Dar es Salaam baadaye, vikaja vikanithibitishia.

Sasa jiulize. Perege wanne ni wangu. Wangekuwa mia tatu ni wa kina mama 22.

SEHEMU YA TATU

Hii ndiyo mliyokuwa mkiingoja, hesabu. Shikeni kalamu. Bei zote ni zile nilizoulizia mwenyewe, kwenu zinaweza kuwa tofauti, badilisheni tarakimu lakini msibadilishe njia.

Nilitumia kitabu cha FAO cha mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ndogo, kinapatikana bure kwenye intaneti. Kinasema kwa mfumo mdogo usizidishe kilo 20 za samaki kwa lita 1,000 za maji. Sisi tuna lita 2,000, kwa hiyo kilo 40. Perege wa kuuzwa ni kama nusu kilo, kwa hiyo ni samaki 80. Kijana alisema 300. Mia tatu wa nusu kilo ni kilo 150 ndani ya maji yale yale! Inawezekana kwa wataalamu wenye mashine za hewa na mtu wa kukesha. Kwetu sisi ni kama kulaza wagonjwa wanne kitanda kimoja na kutumaini wote watapona.

Haya, samaki 80, kilo 40, miezi sita mpaka minane wakilishwa vizuri na maji yakiwa na joto, na joto tunalo la kutosha. Tukijipa moyo tuseme tunauza kilo shilingi 8,000. Hiyo ni 320,000. Chakula: kila kilo ya perege inataka kama kilo moja na sehemu saba za chakula kizuri. Kilo 40 zinakula kilo 68. Kilo ya chakula mpaka ifike Pemba, na nauli ya boti, niliambiwa 4,500. Mara 68 ni 306,000.

Toa. Imebaki elfu kumi na nne. Kwa miezi saba. Na bado hujalipa vifaranga.

Nilirudia hiyo hesabu mara tatu nikidhani nimekosea sehemu. Sikukosea. Kwenye mfumo mdogo samaki si biashara, samaki ni kiwanda cha mbolea. Na hapo sijauliza swali ambalo mama yangu aliliuliza siku ya kwanza huku akipara samaki: "Na nani hapa Msuka ataacha changu na vibua vya leo akanunue samaki wa pipa?" Si kila siku, kwa sababu bahari ikichafuka samaki huadimika na bei inapanda, lakini huwezi kujenga biashara ya mwaka mzima juu ya siku za upepo.

Kwa hiyo mzigo wote uko kwa mboga. Kilo 68 za chakula kwa siku 210 ni kama gramu 320 kwa siku. Kitabu kinasema kila mita moja ya mraba ya mboga za majani inalishwa na gramu 40 mpaka 50 kwa siku. Basi samaki wetu wanaweza kulisha kama mita saba. Mita saba, wapenzi. Mkeka mkubwa na nusu. Kila mita miche 20, jumla miche 140.

Ukipanda mchicha, mafungu labda 60 kwa mwezi. Konde sokoni fungu ni shilingi 300. Elfu kumi na nane. Umeme peke yake unaimaliza, subirini.

Ukipanda letusi, ile saladi ya majani wanayokula wageni, miche 140, tuseme inayouzika 110 kwa mwezi, hoteli ikinunua 1,500 kila mmoja: 165,000. Sasa tunatoa. Pampu na mashine ya hewa, jumla wati 100, zinafanya kazi saa 24, hiyo ni uniti 72 kwa mwezi, nikaweka shilingi 300 kwa uniti, 21,600. Mbegu na virutubisho 15,000. Usafiri kupeleka hoteli za Kigomasha mara nne kwa mwezi, 40,000. Inabaki 88,400.

Gawa kwa wanawake 22: elfu nne kila mmoja kwa mwezi. Au usigawe, uweke yote kulipia vile vifaa vya 5,800,000: zaidi ya miezi 65. Miaka mitano na nusu hakuna aliyelipwa hata shilingi kwa kazi yake, pampu haijafa hata moja, na hoteli haijafungwa hata msimu mmoja. Wakati sote tunajua masika hoteli nyingi zinafunga.

Na hili si la Msuka tu. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani kilitoa utafiti mwaka 2015, waliwauliza wafanyabiashara 257 wa akwaponiki, wengi wao Marekani kwenyewe. Chini ya theluthi moja ndio waliokuwa wamepata faida katika mwaka uliotangulia. Na waliokuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupata faida walikuwa wale waliouza pia vifaa na mafunzo. Someni tena sentensi hiyo halafu mumfikirie kijana wangu mstaarabu na vidio zake.

Simwiti tapeli. Nadhani na yeye ameamini. Lakini hakuwahi kunionyesha daftari la mtu hata mmoja aliyemuuzia.

SEHEMU YA NNE

Hii fupi lakini msiiruke, hasa wenye watoto wadogo.

Siku moja nimetoka zamu ya usiku, nimelala kama mzigo. Mwanangu ana miaka miwili na miezi mitatu. Mama mkwe alikuwa jikoni anakuna nazi. Anasema alisikia kimya. Kina mama mnakijua hicho kimya. Akatoka, akamkuta kijana kapanda kwenye dumu, kichwa na mabega vimo ndani ya pipa, miguu haigusi chini. Alikuwa anamtafuta "tamaki". Bibi akamvuta kwa kaptura. Kama si ile kaptura kuwa na mpira mzuri sijui.

Mtoto wa umri huo kichwa chake ni kizito kuliko sehemu nyengine, akiinama akipoteza mizani hawezi kujirudisha, na hapigi kelele. Anazama kimya. Ndoo ya kufulia inatosha, seuze tangi la lita elfu. Na mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu kliniki kufunika visima. Jioni ile ile mume wangu alitengeneza mfuniko wa wavu wa chuma wenye kufuli, funguo inakaa juu ya mlango. Kwenye mpango wa biashara niliuandika mfuniko na uzio kwenye mstari wa kwanza wa gharama, kabla ya pampu. Kwenye bei ya kijana havikuwemo kabisa.

La pili, konokono. Kuna mwenzetu alishauri tuchukue majani ya majini kutoka bondeni tuweke kwenye tangi kupunguza gharama ya chakula. Hapana. Pemba yetu inajulikana kwa kichocho cha kibofu, na watu wa maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi wamefanya kazi miaka mingi kukipunguza. Kichocho kinapita kwa konokono wadogo wa maji baridi: mtu mwenye maradhi akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinatoka, vinamwingia mwengine kupitia ngozi. Tangi halina hatari kama bonde, kwa sababu halikojolewi. Lakini mtoto haambiliki, na sitaki konokono wa bondeni ndani ya uwanja wangu. Kila mmea unaanza kwa mbegu, basi.

La tatu, majani. Mchicha wangu wa majaribio ulianza kuwa njano, majani machanga, mishipa ikibaki kijani. Nikacheka peke yangu. Mmea nao una upungufu wa madini ya chuma, kama nusu ya wajawazito ninaowapokea! Chakula cha samaki hakina chuma cha kutosha kwa mmea, lazima uongeze kile maalumu kinachoyeyuka. Mama mdogo akaniuliza kwa siri kama siwezi kuleta "vile vidonge vya wajawazito vilivyobaki". Nikamwambia mama mdogo, kwanza havibaki, pili hata vingebaki ni vya wajawazito.

La nne, umeme. Sisi wa umri wangu tunakumbuka Pemba ya majenereta ya Wesha, kabla ya ile kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010. Siku hizi ni afadhali sana, lakini unakatika, nani asiyejua. Wodini mashine ya oksijeni ikizima tunakimbilia mtungi. Tangi lenye samaki wengi likikosa hewa, kuna saa chache tu. Mfumo wenye nafasi, samaki wachache, unakupa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo betri si anasa, nayo haikuwemo kwenye bei ya 5,800,000.

Nilichopenda kwenye majaribio, nisije nikawa mtu wa kulaumu tu: maji hayakunuka, mwanangu sasa anakula mchicha kwa sababu "wa tamaki", na nilijifunza kwamba perege wa kwetu wana historia. Zamani perege waliochukuliwa Zanzibar walipelekwa mpaka Malacca, huko Malaya, na mwaka 1960 mtaalamu aitwaye Hickling akaandika kwamba dume la mbegu ya Zanzibar akipandishwa na jike la perege wa Msumbiji, watoto wanatoka madume karibu wote. Kwa mfugaji ni neema, kwa sababu jike na dume wakichanganyika kwenye tangi wanazaliana mpaka wote wanadumaa. Nikamsimulia mume wangu, akasema kumbe tulisafirisha waume. Tuendelee.

SEHEMU YA TANO

Kikao kilikuwa Ijumaa ya pili ya Shaaban, barazani kwa mama mdogo. Nilibandika hesabu ukutani kwenye karatasi ya manila, kama tunavyobandika kliniki, maana si wote wanasoma vizuri na sikutaka mtu aseme nimewazunguka. Nilisoma kila mstari. Nilipofika kwenye ile elfu kumi na nne ya samaki kukawa kimya, halafu bibi mmoja muuza maandazi akasema, "Hiyo naipata kwa maandazi, na sifi kwa ajili ya pampu."

Mama mdogo alikasirika. Hakupandisha sauti, yeye hapandishi. Alisema: "Wewe una mshahara. Kila mwezi unakuja, mvua ije jua lije. Sisi mgongo umekwisha kwenye mwani. Kila kitu tukileta unasema hakilipi. Basi tuambie kinacholipa."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo naandika hivi sina jibu lote. Ni kweli nina mshahara. Ni kweli ni rahisi kuwa mwangalifu ukiwa na mshahara. Nilichoweza kusema ni kwamba sikatai samaki, nakataa sanduku, na kwamba mfuko wa jamii usiguswe hata kwa biashara ya dhahabu. Mwenzetu wa lile gari la usiku alikuwa amekaa na mtoto wake mapajani. Hakusema kitu, akamhamishia mtoto goti jengine. Nadhani hilo lilifanya kazi kuliko karatasi yangu.

Tulimaliza hivi. Sanduku likavunjwa kama kawaida, kila mtu akachukua chake. Mfuko wa jamii ukabaki. Waliotaka samaki wakachangia kwa hiari, si zaidi ya laki moja kila mtu, pesa ambayo mtu ameapa akiipoteza watoto hawatakosa ada wala daftari. Tukawa sita, mama mdogo na mimi tukiwamo. Laki sita. Tukanunua tangi moja la lita elfu lililotumika, lile lenye kizimba cha chuma, baada ya kuhakikisha halikubeba kemikali. Pampu moja, mashine ndogo ya hewa, betri ya mtumba ambayo sina imani nayo. Vitanda vya mbao na karatasi ya nailoni badala ya mabomba meupe. Samaki arubaini, kwa ule uwiano wa kitabu. Mfuniko na kufuli. Mume wangu na shemeji walifanya ufundi bure, na bure hiyo niliiandika kwenye daftari kama gharama, kwa sababu siku moja tutataka kupanua na mafundi hawatakuwa bure.

Safari hii tulisubiri wiki tano kabla ya kuweka samaki. Mama mdogo alikuwa anauliza kila siku "wamefika wadudu wako?" Walifika. Nitriti ikashuka mpaka kipimo hakibadiliki rangi. Alhamdulillah.

Na kabla ya kupanda mche hata mmoja tulikwenda kwa mnunuzi. Hili ndilo ningelifanya kwanza kama ningerudishwa nyuma, kabla ya pipa, kabla ya kitabu. Mimi na mama mdogo tulikwenda kwa mpishi wa hoteli moja, yeye kavaa buibui lake jipya, mimi nimeshika daftari. Tukamwambia letusi. Akasema letusi anayo, inakuja kwenye mzigo wake kutoka Unguja, haina shida. Nikaona macho ya mama mdogo yanazima. Halafu mpishi akasema kinachomshinda ni mrehani ule wa jani pana wa kizungu, kwa sababu unafika umeshasinyaa na mweusi, boti na joto vinauua. Mrehani! Mama mdogo kapanda mrehani wa kwetu maisha yake yote kwa ajili ya vikuba. Akaanza kumhoji yule mpishi, jani kubwa kiasi gani, unaukata wapi, unauweka majini au kavu, mpaka mpishi akavuta kiti.

Anataka kilo tatu kwa wiki hoteli ikiwa wazi, anaanza kwa majaribio ya mwezi. Hajasaini chochote, kasema tu. Bei aliyoitaja kwa kilo ni nzuri kuliko letusi, lakini sitaiandika hapa, kuna watu wa Konde wanasoma. Nimeanza hesabu mpya kwenye ukurasa mpya: tangi moja linalisha mita tatu na nusu tu, sijui kama zitatoa kilo tatu kila wiki, nadhani mbili. Huenda kilo ya tatu ikatoka kwenye magunia ya udongo na samadi pembeni, na sioni aibu yoyote, mrehani hauulizwi umelelewa wapi.

Mbegu zimeota Jumatatu. Juzi saa nane na nusu za usiku, niko zamu, simu ikaita. Mama mdogo. "Umeme umekatika, betri imelia mara moja ikanyamaza. Nifanye nini?" Nikamwambia achukue kopo, achote maji ya tangi ayamimine kutoka juu, ayapige yapate hewa, na asiwape chakula asubuhi. Akaniuliza mpaka lini. Nikamwambia mpaka urudi.

Ulirudi saa kumi na dakika kumi. Samaki wote wazima. Mama mdogo analalamika bega, nimempelekea dawa ya kuchua, na kesho tunakwenda Chake kuulizia betri.